Nani Kashika Admini? Kutoka Mfongo wa Mlimani Mpaka Seva za Moshi Mjini

Kila ofisi ya Moshi yenye kompyuta zaidi ya tano ina mtu huyu. Hatumtaji jina, nyie wenyewe mnamjua. Kwenye karatasi cheo chake ni kidogo, mshahara wa kawaida tu, na picha ya pamoja ya mwisho wa mwaka ikipigwa yeye anasimama pembeni kabisa. Lakini siku akiumwa, bosi hawezi kuprinti, mhasibu hafungui vitabu, na mapokezi wanarudi kuandika kwenye daftari. Nywila ya seva iko kichwani mwake. Yeye ndo admini.

Kuna mwingine, naye hatumtaji. Ni dada wa kaunta. Asubuhi anafungua mfumo kwa akaunti inayoitwa "kaunta", nywila yake imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibodi. Akaunti hiyo hiyo anaitumia mwenzake wa zamu ya jioni, kijana wa mafunzo kwa vitendo, na siku nyingine meneja mwenyewe. Pesa ikipungua, mfumo unajua jambo moja tu: aliyefuta risiti ni "kaunta". Na anayeitwa ofisini kujieleza ni yule dada.

Mmoja ana funguo nyingi mno. Mwingine hana hata jina lake mwenyewe ndani ya mfumo. Wengi wanadhani hili ni tatizo la juzi, limekuja na kompyuta. Wadau, hapana. Watu wa mlima huu wamegombana kuhusu funguo za vitu vya pamoja tangu enzi za mababu, na wakati mwingine walilipatia jibu zuri kuliko ofisi nyingi za leo.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno. Seva ni kompyuta moja inayozihudumia nyingine: inatunza mafaili, mahesabu, taarifa za wateja. Akaunti ni jina lako humo ndani. Nywila ni ushahidi kwamba kweli ni wewe. Ruhusa ni orodha ya unachoweza kufanya ukishaingia: kusoma, kuandika, kufuta. Admini ni yule mwenye ruhusa ya kugawa ruhusa. Hapo kwenye kugawa ndipo shughuli yote ilipo.

Mtandao wa kwanza ulikuwa wa maji

Panda Uru, Kibosho, Old Moshi au Marangu, utakuta mfereji mdogo wa maji unapita kando ya njia, unaingia kwa huyu, unatoka kwa yule. Huo ni mfongo. Maji yanachotwa juu kwenye korongo la mto, yanatembezwa kwa mteremko mdogo sana kufuata ukingo wa kilima, mpaka yanafika kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Wazungu walioanza kufika karne ya 19 waliikuta mifongo ipo tayari. Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884, aliandika habari zake kwa kuvutiwa kabisa. Hakuna injinia aliyetoka ng'ambo kuja kuichimba.

Sasa angalia utawala wake. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliokuwa na usemi wa juu. Mzee wa mfongo ndiye aliyepanga zamu: leo upande huu, kesho upande ule. Usiku maji yalielekezwa kwenye bwawa la kuhifadhia, nduwa, na asubuhi nduwa ikafunguliwa kwa mwenye zamu. Anayetaka kutumia maji alipaswa kujitokeza siku ya kusafisha na kuziba mfongo. Ukikosa kazi, unapigwa faini, na ukigoma kulipa unakosa maji.

Ukiisoma kwa macho ya mtu wa IT, hii ni orodha ya watumiaji. Kila mtumiaji anajulikana kwa jina na ukoo. Haki yake ina mipaka: zamu yako ikiisha, maji yanaenda kwa jirani. Haki hiyo inaweza kusimamishwa, na sababu ya kusimamishwa inajulikana na kila mtu.

Ila tusipambe. Kwa mila, mifongo ilikuwa shughuli ya wanaume. Mwanamke ndiye aliyehangaika na bustani ya mboga na ng'ombe wa ndani, lakini kwenye mkutano wa mfongo sauti yake ilipitia kwa mwanaume. Yaani mtumiaji halisi alikuwa mmoja, akaunti ikawa na jina la mwingine. Na kanuni za mkutanoni hazikuwa ndizo pekee zilizoendesha maji. Watafiti waliofuatilia mifongo miaka ya 1990 walikuta watu wanabadilishana zamu, wanaombana, na wengine wanajichukulia tu gizani. Wizi wa maji usiku ni ugomvi wa zamani sana mlimani.

Tofauti kubwa ya mfongo na seva ni moja: maji yanaonekana. Mzee akimpendelea mkwewe, jirani wa chini anaona mfongo umekauka kabla hajaambiwa na mtu. Na mzee mwenyewe anaishi hapo hapo, anakunywa mbege na watu wale wale anaowapangia zamu. Kwenye seva hakuna mfereji unaokauka mbele ya macho yako. Mtu anaweza kusoma faili lako miaka mitatu, usijue.

Baadaye serikali ikaleta ngazi nyingine juu yake. Mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya Bonde la Pangani, na matumizi ya maji yakatakiwa yawe na kibali. Wazee wengi hawakuelewa: mfongo uliochimbwa na babu, leo uombewe ruhusa mjini? Mfumo mmoja, maadmini wawili, kila mmoja na orodha yake. Ukitaka kujua ugomvi unazaliwaje, weka hivyo.

Mizani, daftari na funguo za stoo

Kahawa ilipopamba moto, kitu cha pamoja kikawa pesa. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, KNPA, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Kikakua haraka, kikaingia kwenye migogoro ya fedha na siasa, na kufikia mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake hapo mjini wote tumeshapita mbele yake.

Mfumo wa KNCU ulikuwa wa ngazi. Mkulima anapeleka kahawa kwenye chama cha msingi. Karani anapima, anaandika kwenye kitabu, anatoa stakabadhi. Malipo ya kwanza hapo, malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa. Karani aligusa mizani na kitabu cha kituo chake, na hakugusa cha kituo cha jirani. Juu yake kulikuwa na makao makuu yaliyosimamia vituo vyote, na meneja wa kwanza alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett.

Shida ikaja kwenye swali la kutoka. Mwaka 1934, kwa amri iliyopitishwa kupitia mamlaka za wamangi, Mchaga hakuruhusiwa tena kuuza kahawa yake nje ya KNCU. Maana yake una akaunti uliyofunguliwa, hujaiomba, na huwezi kuifunga. Bei ya kahawa ilikuwa mbaya, wakulima wakaanza kuhoji: pesa zetu zinaamuliwa na nani, na sisi tunaona wapi? Mwaka 1937 uvumilivu ukaisha. Kukawa na ghasia, maghala ya kahawa yakashambuliwa, serikali ya kikoloni ikatuma nguvu, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakahamishwa mbali na mlima.

Watu wengi wakisikia habari hii wanadhani ni ugomvi wa bei. Bei ilikuwepo. Ila soma tena madai: walitaka kujua nani ana mamlaka juu ya mzigo wao na kwa idhini ya nani. Chama kilikuwa kimeandikwa kwa jina lao, funguo zikawa mahali wasipofika.

KNCU ilipona, ikawa moja ya vyama vya ushirika vilivyotajwa kwa sifa Afrika nzima. Halafu mwaka 1976 serikali ya Tanzania huru ikavunja vyama vikuu vya ushirika vyote nchini kwa uamuzi wa juu. Akaunti imefutwa, na aliyeifuta hakuwa mwanachama. KNCU ilirudi mwaka 1984 baada ya sheria kubadilishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya vyama vya msingi vikaamua kujitoa na kuuza kahawa yao mnadani vyenyewe, vikajulikana kama G32. Hao walitumia haki ambayo babu zao wa 1937 walinyimwa: haki ya kutoka.

Mangi Mkuu na kura ya kumvua admini

Hii ndo tamu yenyewe, na hapa majina tunataja kwa sababu yako kwenye vitabu vya historia.

Mlima ulikuwa na wamangi wengi, kila mmoja na eneo lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili likaja vuguvugu la kutaka mkuu mmoja juu ya wote, likiongozwa na chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union kilichoanzishwa mwaka 1949 chini ya Petro Njau. Uchaguzi ukafanyika, akashinda Thomas Marealle, kijana msomi aliyesoma Uingereza, mtanashati, mzungumzaji. Januari 1952 akasimikwa Mangi Mkuu. Wachaga wakapata bendera yao na siku yao, Chagga Day, kila tarehe 10 Novemba. Kahawa ilikuwa na bei nzuri, shule zinajengwa, watu wanafurahi.

Halafu swali likaanza kunong'onwa: hiki cheo kinaisha lini?

Hapo ndipo palipokuwa na pengo. Watu walimpa mtu mmoja madaraka juu ya mlima mzima bila kukubaliana vizuri namna ya kuyarudisha. Wengine waliona Mangi Mkuu ni wa maisha, wengine wakasema tulichagua, basi tunaweza kuchagua tena. Wakati huo TANU inapita vijijini na habari za uhuru, vijana wasomi wanataka viongozi wa kuchaguliwa kwa muda maalumu. Kikazaliwa chama cha Chagga Democratic Party, na sura yake kubwa ikawa Solomon Eliufoo.

Mwaka 1960 wakapiga kura: tubaki na Mangi Mkuu, au tuwe na rais wa kuchaguliwa? Wengi wakasema rais. Marealle akapigwa chini kwa kura, Eliufoo akachukua uongozi. Miaka mitatu baadaye Tanganyika huru ikafuta mamlaka ya machifu kabisa.

Unaweza kumpenda Marealle au usimpende. Kuna wazee mpaka leo wanakumbuka enzi zake kwa uzuri, na hakuwa mtu wa ovyo. Ndiyo maana mfano wake una uzito. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: ukimpa mtu mzuri madaraka yasiyo na tarehe ya mwisho, siku ukiyataka tena itabidi mgombane, hata kama hajakosea lolote.

Mwezi mmoja kabla ya Mwenge kileleni

Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliweka Mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya Kilimanjaro. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, kwenye chuo cha MIT kule Marekani, mwalimu mmoja anayeitwa Fernando Corbató na wenzake walionyesha kwa mara ya kwanza mfumo wao mpya, CTSS. Kompyuta zilikuwa kubwa kama chumba na bei yake haishikiki, kwa hiyo walitafuta njia ya watu wengi kutumia moja kwa wakati mmoja. Tatizo lao lilikuwa lile lile la mfongo: kitu kimoja, watu wengi, zamu ya nani?

Wakampa kila mtu akaunti yake, nywila yake, na muda maalumu wa kutumia. Hapo ndipo nywila ya kompyuta tunayoijua leo inapoanzia.

Haikuchukua hata miaka miwili, mtu akaiba maji usiku. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa udaktari wa falsafa, Allan Scherr, alikuwa amepewa saa nne kwa wiki, hazimtoshi. Akagundua kwamba unaweza kuomba faili lolote liprintiwe kwa kupeleka kadi yenye jina la faili. Ijumaa usiku akaomba faili la nywila zote. Jumamosi asubuhi akaenda kuchukua karatasi yake. Akawagawia na wengine ili lawama zisiwe zake peke yake. Ilichukua takriban miaka 25 mpaka alipokiri kwa Corbató.

Kali zaidi ni ya mwaka 1966. Kwenye CTSS, watu wa usimamizi walikuwa wamezoea kufanya kazi kwenye eneo moja la pamoja, ingawa mfumo ulibuniwa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Siku moja mmoja anahariri faili la nywila, mwenzake anahariri tangazo la siku, lile linalomtokea kila mtu akiingia. Mafaili ya muda ya programu yao yalikuwa na jina moja. Yakabadilishana. Kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya nywila za watumiaji wote.

Hakukuwa na mdukuzi wala adui. Kulikuwa na maadmini wawili waaminifu, wazoefu, kwenye chumba kimoja cha pamoja. Yule dada wa kaunta akiisoma hii ataielewa kuliko profesa.

Root, na dawa yake

Mwaka 1969 ikaanza kutengenezwa Unix, ambayo wajukuu zake ndio wanaoendesha seva nyingi duniani leo. Ndani yake kuna akaunti moja isiyozuiwa na chochote: inaitwa "root", namba yake ni 0. Root anasoma kila faili, anafuta kila kitu, anaweza kuwa mtu yeyote, na anaweza kufuta alama kwamba alipita. Hakuna mangi wa mlima huu aliyewahi kuwa na nguvu kiasi hicho.

Watu waliona hatari mapema. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni inayofundishwa mpaka kesho: kila mtumiaji na kila programu ipewe ruhusa ndogo kabisa inayotosha kufanya kazi yake. Ni kile kitabu cha karani wa KNCU: kituo chako tu. Kisha karibu mwaka 1980, kwenye chuo kikuu cha Buffalo huko New York, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wakatengeneza kifaa kiitwacho sudo. Wazo lake ni rahisi. Badala ya watu watano kuijua nywila ya root, kila mmoja anaingia kwa jina lake, anaomba kufanya jambo moja la kiadmini, mfumo unaangalia kama yumo kwenye orodha, na unaandika: fulani, saa fulani, kafanya hivi.

Ona kilichotokea hapo. Nguvu ni ile ile, ila sasa ina jina la mtu na ina daftari.

Jamaa wa San Francisco

Mwaka 2008 mji wa San Francisco ulijikuta kwenye aibu ya dunia. Mtandao wa mji ulikuwa chini ya fundi mmoja, hodari, anayeupenda kama mtoto wake. Nywila za juu alikuwa nazo yeye. Wakubwa walipozitaka, akakataa: hao wanaoomba hawana mamlaka, na wataharibu. Akakamatwa. Karibu siku 12 mji mkubwa wa Marekani ukawa na mtandao unaofanya kazi vizuri kabisa, lakini hakuna anayeweza kuusimamia. Mwishowe akiwa jela akampa nywila meya mwenyewe, Gavin Newsom. Mwaka 2010 mahakama ikamtia hatiani, akafungwa miaka minne.

Mtandaoni watu waligawanyika: mhalifu, hapana, shujaa wa mafundi. Mimi nauliza upande wa pili. Mji mzima ulikaa muda wote huo ukiona mtu mmoja anashika kila kitu, na haukuona tabu mpaka siku ya ugomvi. Je, kama angepata ajali ya gari? Bosi anayejisifu "kijana wangu anajua kila kitu" hajajenga idara ya IT. Amejenga mateka, na hajui mateka ni nani kati yao wawili.

Marehemu wanaolipwa

Turudi nyumbani. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipoanzisha msako wa watumishi hewa, serikali ilisema imekuta zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Waliostaafu, walioacha kazi, waliofariki. Miili imeshazikwa, majina bado yanapokea.

Mtumishi hewa ni akaunti ambayo hakuna aliyeifunga. Kumfungulia mtu ni rahisi, siku ya kwanza kazini kila mtu anakumbuka. Kumfungia hakuna anayekumbuka, kwa sababu anayeondoka hadai kufungiwa. Na akaunti isiyo na mwenyewe ni tamu kwa mwizi: hakuna atakayelalamika kwamba imetumika.

Sasa fikiria Moshi ya leo. Hospitali zina mafaili ya wagonjwa. Saccos zina akiba za watu. Kampuni za utalii zina nakala za pasipoti za wageni kutoka nchi kibao. Mwaka 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata huko juu mtu anaweza kuingia kwenye mfumo wa ofisi ya mjini. Wangapi walioacha kazi mwaka juzi bado wanaweza kuingia?

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayeingia kwenye mfumo bila idhini, na pia anayebaki humo baada ya muda wa idhini yake kuisha. Kwa hiyo wewe uliyeacha kazi ukabaki unachungulia "kwa mazoea tu", jiangalie. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaitaka taasisi yenyewe izilinde taarifa za watu. Kusema "tulikuwa tunatumia nywila moja wote" hakutakusaidia.

Kwa hiyo tufanyeje?

Mlima umeshatufundisha, tunyooshe tu maelezo.

Mtu mmoja, akaunti moja. Hakuna "kaunta", hakuna "ofisi". Hii inamlinda mfanyakazi mdogo kabla ya kumlinda bosi. Dada akiwa na jina lake na nywila yake, siku ya lawama ana utetezi.

Admini naye awe na akaunti mbili: ya kawaida ya kusomea barua pepe na kuandika ripoti, na ya kiadmini inayofunguliwa pale tu kuna kazi ya kiadmini. Ukitembea na panga siku nzima, iko siku utamkata mtu kwa bahati mbaya.

Funguo ya akiba iwepo. Nywila kuu iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, isainiwe juu, iwekwe kwenye kasha la chuma linalofunguliwa na watu wawili. Ikifunguliwa, nywila inabadilishwa na bahasha mpya inawekwa.

Kumbukumbu za nani kafanya nini zitunzwe kwenye mashine nyingine, ambayo admini huyo huyo hawezi kuifuta. Admini mwaminifu asione kama anatukanwa. Siku ikitokea shida, kumbukumbu hizo ndizo shahidi wake wa pekee.

Cheo cha admini kiwe na tarehe. Kila baada ya muda, uongozi ukae, uulize: bado ni huyu? Bado anahitaji yote haya? Kufanya hivyo wakati hakuna ugomvi ni rahisi mara mia kuliko wakati wa ugomvi. Waulize watu wa 1960.

Na la mwisho. Kila Desemba nchi nzima inatutania kwamba Wachaga wanapanda mabasi kwenda "kuhesabiwa". Cheka, ila tazama kinachofanyika kule juu: ukoo unakaa, nani amekuja, nani hajaonekana, nani kazaliwa, nani tumemzika, mpaka wa kihamba bado uko pale pale? Basi na seva ihesabiwe. Printi orodha ya akaunti zote, kaeni mezani, someni jina moja moja kwa sauti. Huyu yupo? Huyu ni nani? Huyu si alihamia Dodoma? Funga. Saa mbili tu zinatosha kwa ofisi ya kawaida, na nawahakikishia mtakuta angalau jina moja litakalowanyamazisha wote mezani.

Wadau wa IT, makarani, makaunta, mnaoshika na mnaoshikiwa: kazini kwenu funguo ziko kwa nani, na mkizitaka zitarudi? Tupeni mikasa hapo chini. Majina ya watu na ya ofisi, tafadhali, yabaki huko huko.